Mgeni Kigoma: Mambo ya kuzingatia kabla ya kufika 'mwisho wa reli'

KIGOMA ni mji ambao Watanzania wengi huufahamu kwa jina la utani kabla ya kuuona kwa macho. Tangu Reli ya Kati ilipofika kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika mwaka 1914, mji huo umebaki kuitwa 'mwisho wa reli', na wapo wanaodhani kuwa mwisho wa reli ndio mwisho wa mambo yote.

Ukweli ni kinyume chake. Reli inapoishia ndipo linapoanza ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi, linalotumiwa na nchi nne za Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Gombe, maarufu duniani kwa sokwe wake. Ndipo ulipo Ujiji, mji mkongwe wa misafara. Na nyuma ya mji, barabara ikipanda kuelekea Kasulu, Rungwe Mpya na Kibondo, iko nchi ya Waha yenye vilima, ubaridi na mashamba, ambayo wageni wengi huondoka bila kuiona.

Pamoja na vivutio hivyo, wapo wageni wa mara ya kwanza wanaorudi na malalamiko: boti haikuondoka, siku zimekwisha, kitambulisho kimesahaulika nyumbani, homa imempata mtu katikati ya safari. Sehemu kubwa ya matatizo hayo hutokana na kosa moja, nalo ni kuipangia Kigoma ratiba ya haraka kama ya mtu anayekwenda Morogoro na kurudi. Makala haya yanaeleza mambo ya msingi ambayo mgeni hana budi kuyazingatia.

Wakati wa kwenda

Mvua za Kigoma kwa kawaida huanza mwishoni mwa mwaka, Oktoba au Novemba, na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kiangazi ni kati ya Juni na Septemba. Kwa anayetaka kupanda vilima vya Gombe, kiangazi ndicho kipindi chepesi, kwa kuwa njia huwa kavu na haziteleza kama wakati wa masika. Hata hivyo, katika miezi hiyo upepo wa kusi huvuma kwa nguvu ziwani, na mawimbi yanaweza kuwa makubwa. Anayesafiri kwa boti ajitahidi kuondoka asubuhi ziwa likiwa limetulia.

Jambo jingine ambalo wageni kutoka Dar es Salaam hulisahau ni saa. Nchi nzima inatumia saa moja, lakini Kigoma iko mbali magharibi, hivyo jua huchomoza na kuzama huko takriban dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Aliyezoea kutoka alfajiri ya Pwani atakuta bado giza, na aliyezoea kurudi hotelini mapema atakuta mwanga ungali unampa nafasi ya kutembea ufukweni.

Anayekwenda kwa ajili ya samaki ana la ziada la kujua. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na siku za mbalamwezi taa hizo hazina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika na dagaa huadimika sokoni. Aidha, mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Mgeni anayepanga safari ya miezi hiyo aulize kwanza kama usitishaji huo utakuwapo kwa mwaka husika.

Njia za kufika

Kuna njia tatu: ndege, barabara na reli. Ndege ni ya haraka kuliko zote, lakini nafasi si nyingi, na inafaa kukata tiketi mapema.

Safari ya treni ya Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ni ya kilomita zinazokaribia 1,250. Hii ni safari ya zaidi ya siku moja, na ucheleweshaji si jambo la ajabu. Mwenye kuichagua achukue maji ya kutosha, chakula cha akiba, shuka na tochi. Aidha, Tabora ni njia panda ambako mabehewa huweza kugawanywa kati ya Kigoma na Mwanza, na mengine ya Mpanda hutenganishwa mbele, Kaliua. Abiria ahakikishe tangu mwanzo kuwa behewa alilokaa linakwenda Kigoma. Treni ya reli ya kisasa, ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria hadi Dodoma, inaweza kupunguza sehemu ya safari kwa anayekubali kumalizia kwa basi.

Kwa upande wa barabara, hali imebadilika sana. Safari iliyokuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika imeboreshwa na ujenzi wa lami kwenye njia ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilomita zipatazo 260. Kwa njia ya Tabora, Daraja la Kikwete katika Mto Malagarasi limeondoa kikwazo kilichowatesa wasafiri kwa miaka mingi. Pamoja na hayo, umbali haujapungua, na dereva binafsi asipange kuendesha usiku kucha.

Kitambulisho ni lazima

Kigoma ni mkoa wa mpakani. Unapakana na Burundi kwa nchi kavu na unatazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa. Kwa miongo kadhaa umepokea wakimbizi kutoka nchi hizo mbili, na kambi ya Nyarugusu iliyoko Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996. Kwa sababu hiyo, maofisa wa Uhamiaji na polisi huweza kusimamisha mabasi na kuwataka abiria wajitambulishe.

Mtanzania asafiri na kitambulisho cha taifa au nyaraka nyingine ya serikali yenye picha. Asiye raia awe na pasi ya kusafiria yenyewe, kwa kuwa nakala inaweza isitoshe. Anayeulizwa ajibu kwa utulivu. Ubishi njiani huchelewesha basi zima.

Suala hili lina upande wa pili. Wenyeji wa Kigoma wamekuwa wakiulizwa uraia wao mara nyingi kuliko Watanzania wa mikoa mingine, wakati mwingine kwa sababu tu ya lafudhi au jina linalofanana na la Kirundi. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu, na mipaka iliyochorwa wakati wa ukoloni ilipita katikati ya watu wanaosikilizana. Mgeni anayemtania mwenyeji kwa kumwita 'Mrundi' anaweza kudhani ametoa mzaha, kumbe amegusa kidonda. Hali ni hiyo hiyo kwa utani wa ushirikina unaosambaa mijini kuhusu watu wa Kigoma. Busara ni kuuacha Dar es Salaam.

Kuingia katika kambi ya wakimbizi bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi hakuruhusiwi. Kambi si kivutio cha utalii. Vilevile mgeni asipige picha bandarini, mpakani, kwenye vizuizi vya barabarani au mahali penye askari bila kuomba ruhusa.

Mjini na Ujiji

Mji wa Kigoma umetandazwa kati ya ziwa na vilima. Stesheni, ambayo ni jengo la enzi za Wajerumani, iko karibu na bandari, na shughuli nyingi za biashara ziko kando ya barabara inayopanda kuelekea Mwanga, ambako kuna soko kubwa. Nyumba za wageni zipo za kila kiwango. Bodaboda na bajaji ndizo usafiri wa kila siku. Mgeni apatane nauli kabla ya kupanda, na kwenye bodaboda adai kofia ngumu.

Bandarini ndipo historia ya MV Liemba ilipo. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilibeba abiria hadi Mpulungu, Zambia, kabla ya kusimama mwaka 2018 kwa ajili ya matengenezo makubwa. Mgeni mwenye hamu ya kuipanda asitegemee vitabu vya zamani vya watalii. Aulize bandarini au kwa wakala wa meli kabla ya kupanga lolote.

Ujiji uko kilomita chache kusini mwa Kigoma na hufikiwa kwa daladala. Richard Burton na John Speke walifika hapo mwaka 1858, na mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone katika mji huo. Mahali hapo pana mnara na makumbusho. Lakini Ujiji haukuanza na Wazungu. Ulikuwa kituo cha njia ya misafara ya kilomita zipatazo 1,200 kutoka Bagamoyo, njia iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa, na ambayo Tanzania iliipeleka UNESCO mwaka 2006 katika orodha ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Mgeni amwombe mwongozaji amweleze na habari za waliopita hapo wakiwa wamefungwa, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye mnara.

Ujiji ni mji wa Waislamu tangu zamani, wenye Kiswahili kilichokomaa na desturi za heshima. Mavazi ya staha yanatarajiwa kwa wanawake na wanaume. Mwenye kutaka kumpiga mtu picha amwombe kwanza.

Gombe si safari ya saa mbili

Hifadhi ya Gombe ni ndogo, ina kilomita za mraba zipatazo 52 tu, na haifikiki kwa gari. Mwanasayansi Jane Goodall, aliyefariki dunia Oktoba 2025, alifika hapo Julai 1960 na kuanza utafiti wa sokwe uliobadilisha fikra za dunia kuhusu wanyama hao. Gombe ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968.

Hapa ndipo wageni wengi hukosea hesabu. Boti za abiria huondoka Kibirizi, kaskazini kidogo mwa mji, kwa kawaida mchana, na hurudi asubuhi. Kwa hiyo anayetumia boti hizo hana namna ya kwenda na kurudi siku moja. Lazima alale hifadhini na awe amepanga malazi mapema. Siku ya Jumapili boti huwa adimu. Mwenye uwezo, au kikundi kinachochangia gharama, kinaweza kukodi boti na kufika kwa muda mfupi zaidi. Kwa njia yoyote, abiria avae koti la kuokolea maisha, na akiona boti imejaa kupita kiasi ashuke. Desemba 2014, upande wa Kongo wa ziwa hilo, ajali ya MV Mutambala iliua zaidi ya watu 120. Nauli iliyopotea hurudi, lakini uhai haurudi.

Viingilio hulipwa kwa kumbukumbu namba, kadi au simu, si kwa fedha taslimu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo sana kuliko wageni wa nje, ilimradi waonyeshe kitambulisho. Viwango hubadilika, na vya uhakika hupatikana ofisi za Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA.

Hakuna anayeweza kuahidi kuwa sokwe wataonekana. Huhama kutafuta chakula, na mgeni anaweza kupanda kilima kwa saa kadhaa kabla ya kuwafikia. Ndiyo maana siku mbili ni bora kuliko moja. Viatu viwe vya kushika ardhi, na chakula kisibebwe mkononi, kwa kuwa nyani wa ufukweni hawaombi, hunyang'anya.

Kanuni ya kukaa mbali na sokwe, kuvaa barakoa na kuwazuia wagonjwa wasiwafuate huwaudhi baadhi ya wageni waliosafiri mbali. Lakini ina sababu nzito. Sokwe huambukizwa magonjwa ya binadamu, na mafua yanayomfanya mtu apige chafya yanaweza kuwaua. Mwaka 1966 ugonjwa unaofanana na polio uliwapiga sokwe wa Gombe, na mwaka 2006 sokwe kadhaa walikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa katika Hifadhi ya Mahale, kusini mwa Kigoma. Mwenye kikohozi aseme ukweli kwa mhifadhi, hata kama amekwisha kulipa. Watoto wadogo pia hawaruhusiwi kwenda kuwaona sokwe, hivyo familia iulize umri unaokubaliwa kabla ya kuondoka nyumbani.

Nyanda za juu: Kasulu, Rungwe Mpya na Kibondo

Aliyeishia ziwani ameona nusu ya Kigoma. Kasulu iko kilomita zipatazo 90 kutoka mjini, na hali ya hewa hubadilika kadiri gari linavyopanda. Joto la ziwani huachwa nyuma, na jioni sweta huwa na kazi. Udongo ni mwekundu, migomba, mahindi, maharage na mihogo hufuatana kando ya barabara, na baiskeli zilizosheheni mizigo husukumwa mlimani kwa uvumilivu.

Rungwe Mpya ni kata ya Wilaya ya Kasulu. Mgeni anayekwenda huko, au anayetuma mzigo huko, ataje 'Rungwe Mpya, Kasulu' kwa ukamilifu, kwa kuwa Rungwe inayofahamika zaidi ni wilaya ya Mkoa wa Mbeya, na kosa dogo stendi linaweza kumpeleka mtu au mzigo upande mwingine kabisa wa nchi. Mahali kama hapa si pa hoteli. Anayefanya matembezi ya kawaida atafute malazi mjini Kasulu au Kibondo, ambako pia kuna benki, na atembelee vijiji mchana. Anayelala kijijini kwa mwenyeji aripoti kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji. Katika wilaya za mpakani hatua hiyo humlinda mgeni na mwenyeji wake.

Salamu ndiyo tiketi ya kwanza. Waha husalimiana kwa utaratibu, mara nyingi wakipiga makofi taratibu, na mkubwa hutangulizwa. Asubuhi, neno 'mwakeye' likitamkwa na mgeni hufungua mazungumzo. Anayeuliza njia bila kusalimia hujibiwa kwa ufupi, na hapaswi kushangaa.

Historia nayo haijakosekana. Heru, karibu na Kasulu, ilikuwa makao ya mmoja wa tawala za Waha, na Mwami Theresa Ntare, aliyekitawala kiti hicho katika miaka ya mwisho ya ukoloni, alikuwa miongoni mwa wanawake wachache waliokuwa watawala wa jadi Tanganyika. Mashariki mwa Kibondo yanaanzia mabonde ya Malagarasi na Moyowosi, ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000.

Afya, chakula na zawadi

Kigoma imekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Chandarua, mavazi ya mikono mirefu jioni na ushauri wa daktari kuhusu dawa za kinga si anasa. Anayepata homa, hata wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, apime haraka na amweleze daktari alikotoka. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, mjini Kigoma, na Kasulu kuna Hospitali ya Kabanga. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Maji ya kunywa yachemshwe au yawe ya chupa. Maji ya ziwa huonekana maangavu kuliko yalivyo salama: karibu na makazi kuna hatari ya kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba. Mgeni aogelee pale tu ambapo wenyeji na wenye ufukwe wanasema panafaa.

Chakula cha Kigoma ni sababu ya kutosha ya kusafiri. Ugali wa muhogo kwa migebuka, dagaa waliopikwa kwa mawese, kuhe wa kuchoma na maharage ya nyanda za juu hupatikana kwa mama lishe kwa bei nafuu kuliko hotelini. Zawadi zinazobebwa na wengi ni dagaa wakavu, mawese na vitenge. Dumu la mawese lifungwe vizuri na kuwekwa ndani ya mfuko mwingine, maana likimwagika kwenye buti la basi, nguo za abiria wote zitapata rangi mpya.

Siku ngapi zinatosha?

Kwa mgeni wa mara ya kwanza, siku tano bila kuhesabu za njiani ni kipimo cha wastani: moja ya mjini na Ujiji, mbili za Gombe, moja ya Kasulu na vijiji vyake, na moja ya akiba. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huifuta wakitaka kubana matumizi, na ndiyo wanayoijutia ziwa linapochafuka au treni inapochelewa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji wa Kigoma apone, mgeni aje na kitambulisho chake, subira yake na heshima yake, anunue samaki kwa mvuvi na kitenge kwa mama wa sokoni, na asiondoke kabla ya kuupanda mlima kuelekea Kasulu.